KIJANA WETU AENDE KWA WAKILI GANI?

Kila mwaka wapo vijana wa Ufipa, wa kiume na wa kike, wanaomaliza shahada ya sheria katika vyuo vikuu vya nchi hii. Kwao ni Sumbawanga, Laela, Namanyere, Matai, Kirando. Wazazi wao ni wakulima wa mahindi na maharage, wavuvi, walimu na wachuuzi wa sokoni. Wakisha kuvua joho la mahafali wanabaki na swali moja: nikajifunze kazi ya uwakili katika ofisi ya nani? Wengi hudhani swali hili ni la kijana mwenyewe na baba yake. Sisi twaona ni la watu wote, na ndiyo sababu tumelipa nafasi hii wiki hii.

Maana kijana anapochagua ofisi ya kujifunzia sheria anachagua pia watu atakaowatumikia. Mwanagenzi aliyekaa kwa seremala wa vitanda hutoka akijua vitanda, na aliyekaa kwa fundi wa mitumbwi hutoka akijua mitumbwi. Ndivyo ilivyo katika uwakili. Kijana akikaa katika ofisi inayodai mikopo ya benki tu, atajua upesi namna ya kuuza nyumba ya mdaiwa, lakini siku mjane wa Mwimbi akimjia analia kwamba shemeji zake wamechukua shamba la marehemu, hatajua aanzie wapi. Twasema basi kwamba ofisi ichaguliwe kwa kazi itakayomfundisha kijana, na kwa watu ambao kazi hiyo itawafaa. Jina kubwa na jengo refu vifuate baadaye.

Kwanza yafaa kila mzazi aijue njia yenyewe. Wako wanaodhani kwamba mtu akipata shahada ya sheria amekwisha kuwa wakili. Sivyo. Baada ya shahada humpasa kuingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam, ile ambayo watu wengi huiita Law School. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Masomo yake ni ya mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu nje, mahakamani na katika ofisi za mawakili, ambako mwanafunzi hukaa chini ya mtu mzoefu akijifunza kuandika hati, kuwasikiliza wateja na kuandaa mashauri. Akifaulu hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu, na akikubaliwa huapishwa na jina lake huingizwa katika daftari la mawakili. Hata hapo hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo pasipo cheti cha uwakili, nacho sharti kihuishwe kila mwaka. Huko Uingereza mawakili ni wa namna mbili, wale wa ofisini wanaoandaa hati na mashauri, na wale wanaosimama kutetea mbele ya majaji. Huku kwetu wakili mmoja hufanya kazi zote mbili, na kwa hiyo lazima ajifunze zote mbili.

Njia hii si nyepesi. Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi hiyo yaliishtua nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dokta Harrison Mwakyembe ili kutafuta sababu. Mabishano juu ya nani alaumiwe, vyuo, walimu au wanafunzi, yalikuwa mengi, nasi hatutaki kuyafufua. Fundisho tunalochukua sisi ni dogo na la wazi: kijana asingoje mpaka apelekwe na Taasisi ndipo aione ofisi ya wakili kwa mara ya kwanza. Tangu likizo ya mwaka wa pili chuoni aombe kukaa katika ofisi, hata kwa wiki nne, apange majalada, abebe vitabu, asikilize. Mtu aliyekwisha kuona jalada la kesi tangu kufunguliwa mpaka hukumu husoma darasani akijua kinachosemwa ni kitu gani.

Sasa twaja kwenye haja ya watu wetu. Sumbawanga ina Mahakama Kuu yake, ziko mahakama za wilaya, na Mahakama za Mwanzo zimesambaa vijijini. Majengo ya haki yapo. Lakini mtu wa kando ya Ziwa Tanganyika au wa bonde la Ziwa Rukwa akitaka wakili hana budi kupanda mlima kuja mjini, alipe nauli, alale kwa jamaa, na labda arudi bila kumpata. Katika pengo hilo ndipo wanapoingia vishoka, watu wenye mkoba na suti ambao si mawakili, wanaomwandikia mkulima karatasi isiyo na maana kisha wakala fedha za magunia yake. Mkulima huijua hasara yake siku ya kesi, wakati muda wa rufaa umekwisha kupita.

Tena mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo yanaongeza haja. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huo huo mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na kazi ya kusuluhisha. Wasiopatana sharti waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mwaka huo huo tena mawakili walifunguliwa mlango wa Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, mahali ambapo kwa miaka mingi walikuwa wamekatazwa. Nani asiyeona maana ya mambo haya matatu? Shauri la shamba lililokuwa likiamuliwa na wazee wa kata sasa laenda mbali zaidi na nyumbani. Mahakama ya Mwanzo, ambamo mirathi za watu wetu nyingi hufunguliwa, sasa yaweza kuwa na wakili upande mmoja na upande wa pili hana. Tajiri atamleta wakili wake kwa gari kutoka mbali. Je, maskini atamleta nani?

Watu wa Ufipa hawahitaji kuelezwa uzito wa mashauri ya ardhi. Mgogoro wa shamba la Malonje, baina ya wanavijiji na mwenye hati, umesemwa miaka mingi katika mikutano na katika magazeti. Hatuingii katika haki ya upande wowote hapa. Twasema tu kwamba katika jambo kama lile, upande usiokuwa na mtu wa kuisoma hati mstari kwa mstari umekwisha kushindwa nusu kabla ya kesi kuanza.

Wapo vijana watakaosema kwamba kesi kubwa na mawakili wakubwa wako Dar es Salaam, na kwamba ofisi ya mji mdogo haiwezi kumtoa mtu. Historia ya nchi hii inawajibu. Mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, shauri lao lilifika mpaka Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York kuwasemea watu wake, na mwanasheria aliyewasaidia alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda ambaye ofisi yake ilikuwa Moshi. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini dunia nzima ilisikia, na watu wengi wa Tanganyika walijifunza kwamba mnyonge naye aweza kushtaki. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU, walisimama kumtetea mawakili watatu: D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam, na Mahmud Rattansey wa Tabora. Mahakama ilimtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye faini ililipwa. Angalieni miji hiyo, Moshi na Tabora. Kijana aliyejifunza kazi katika ofisi kama hizo aliona sheria ikitumika pale ilipowauma watu, na mambo ya namna hiyo hayapimwi kwa ukubwa wa ofisi.

Wala tusisahau tulipotoka. Nchi hii ilipokuwa ikikaribia uhuru, wanasheria Waafrika waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Ndiyo sababu chuo kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na masomo yalianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiozidi 14. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, Julie Manning, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Na kutoka upande wetu huu, Mizengo Pinda wa Mpanda, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kuzaliwa, alisoma sheria Dar es Salaam, akaanza kazi kama wakili wa serikali, na tangu 2008 mpaka 2015 akawa Waziri Mkuu. Watu wale walifundishwa kwa jasho la umma. Na leo mwanafunzi wa sheria anayesomeshwa kwa mkopo wa serikali anasomeshwa kwa kodi ya watu hao hao wanaouza mahindi Sumbawanga.

Je, twasema kijana asiende Dar es Salaam? La, hatusemi hivyo. Zipo kazi ambazo Ufipa itazihitaji na ambazo kwa sasa hufundishwa zaidi huko. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Ziwa Rukwa kuna gesi ya heliamu, ambayo hutumika katika mashine za hospitali na katika viwanda vya vifaa vya umeme. Kampuni za nje zimekuja na mitambo yao. Siku ya kuandikiana mikataba, ya fidia, ya maji, ya barabara na ya ardhi ya vijiji, kampuni hazitakosa mawakili walioijua kazi hiyo kwa miaka mingi. Kijana wetu akitaka kwenda katika ofisi kubwa ya Dar es Salaam kusudi ajifunze sheria ya madini na mikataba ya kampuni, aende, na tumsindikize. Vivyo hivyo mikataba ya alizeti, mambo ya vyama vya ushirika na mikopo ya pembejeo yataka mtu aliyefunzwa vizuri. Tunachokataa ni kijana kwenda kwa sababu tu wenzake wamekwenda, akakaa mwaka mzima akipiga nakala za karatasi katika ofisi ambayo hakuna mtu anayelijua jina lake.

Basi achague vipi? Tunamshauri afanye mambo manne kabla ya kuandika barua hata moja.

La kwanza, aende mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mwananchi yeyote aweza kukaa kimya nyuma akasikiliza. Siku tatu katika Mahakama Kuu ya Sumbawanga zitamwonyesha ni wakili yupi aliyelisoma jalada lake, yupi humheshimu shahidi maskini, na yupi huomba kesi iahirishwe kila mara kwa kuwa hakujiandaa.

La pili, asome hukumu. Siku hizi hukumu za mahakama zetu huwekwa bure katika mtandao uitwao TanzLII, na mtu aweza kuzisoma kwa simu akiwa Namanyere. Mara nyingi ndani ya hukumu huandikwa majina ya mawakili waliosimama na hoja walizotoa. Hapo kijana ataona ofisi ipi inafanya mashauri ya ardhi, ipi ya kazi na mishahara, ipi ya jinai, ipi ya biashara. Hakuna tangazo litakalomweleza ukweli kuliko hukumu hizo.

La tatu, ahakikishe kwamba mtu anayemwendea ni wakili kweli na cheti chake ni cha mwaka huu. Mahakama ina mfumo wa intaneti uitwao e-Wakili, ambamo jina hutafutwa na hali ya wakili huonekana. Kipo pia Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoundwa kwa sheria tangu 1954, ambacho huweza kuulizwa. Mwanagenzi akijifunza kwa mtu aliyesimamishwa au kwa kishoka, atakuwa amepoteza muda wake na kuchafua jina lake kabla halijaandikwa popote.

La nne, awaulize waliokwisha kupita pale. Je, wakili mkuu husoma kazi ya mwanafunzi na kuirekebisha kwa kalamu? Mwanafunzi hupelekwa mahakamani, ama huachwa mapokezini kufungua mlango? Huingia katika mazungumzo na mteja? Ofisi hutoa nauli na chakula cha mchana, ama haitoi kitu? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na maswali haya hayana aibu.

Akisha kuchagua ofisi tatu au nne, aandike. Barua za maombi tunazoziona mara nyingi zote hufanana kama matofali ya tanuru moja. Zinaanza kwa maneno yale yale, zinasifu ofisi kwa sifa zile zile, na zimepelekwa kwa mawakili ishirini siku moja bila kubadilisha ila anwani. Wakili hutambua barua ya namna hiyo kwa kuitazama mara moja. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja. Hutaja jina la mtu anayeandikiwa, kwa herufi zake sahihi. Husema mwandishi ni nani, anasoma wapi, anataka kukaa tangu lini mpaka lini. Kisha husema kwa sentensi tatu au nne kwa nini ofisi hiyo na si nyingine, kwa mfano kwamba alisoma hukumu fulani ya ardhi ambayo wakili huyo alisimama, na angependa kujifunza namna ushahidi wa mipaka ulivyokusanywa. Mwisho hueleza jambo ambalo yeye mwenyewe aweza kulileta. Mtoto wa Ufipa aseme bila haya kwamba anajua Kifipa, kwamba aweza kumsikiliza bibi wa kijijini bila mkalimani, kwamba anayajua mashamba na mipaka ya kwao. Katika ofisi inayoshughulika na watu wa kawaida hayo ni mali kubwa.

Barua na iwe ya kweli. Asiyefaulu somo fulani asilifiche, maana cheti kitasema. Aambatanishe nakala za vyeti na maelezo mafupi ya elimu yake, na ataje walimu wawili wanaomjua kwa kazi yake. Aitafutie mtu wa kuisoma kabla ya kuipeleka. Akiitwa kwenye usaili afike mapema, amevaa safi, na akiulizwa asilolijua aseme hajui na angeanza kutafuta wapi. Wakili mwenye busara humpenda mwanafunzi wa namna hiyo, kwa sababu siri za wateja hupewa mtu mkweli. Majibu yasipokuja kwa wiki mbili, aandike tena kwa adabu. Akikataliwa, amshukuru aliyejibu na aendelee na ofisi inayofuata.

Hapa kuna jambo ambalo hatutalizunguka. Ipo desturi ya wazazi, na baadhi yao ni wanachama, kufika kwa viongozi kuomba barua. Wanataka mwenyekiti, katibu au diwani amwandikie wakili fulani kwamba ampokee kijana. Twasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya. Barua ya kiongozi haimfundishi kijana sheria. Inamweka wakili katika haya ya kukataa, inampokonya nafasi mtoto wa mkulima asiyejuana na mtu, na inampa kijana funzo la kwanza kwamba haki hupatikana kwa kujuana. Mtu aliyeingia katika kazi ya haki kwa mlango huo ataitendaje haki? Jina la mji wetu, Sumbawanga, hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Na barua hizi zitupwe pamoja na uchawi huo. Kiongozi anayetaka kumsaidia kijana amsaidie nauli.

Tunao ujumbe pia kwa mawakili wenyewe, wa Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam. Twajua kwamba kumfundisha mwanafunzi kunakula muda, na kwamba ofisi ndogo haina fedha za kutapanya. Lakini nafasi zitangazwe hadharani, pamoja na tarehe ya mwisho ya maombi na idadi ya wanaotakiwa. Barua ijibiwe, hata kama jibu ni hapana. Na mwanafunzi anayefanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni apewe walau nauli na chakula. Bila hivyo nafasi zitachukuliwa na watoto wa wenye nacho peke yao, wale ambao baba zao waweza kuwalisha mjini mwaka mzima, na baada ya miaka kumi tutashangaa kwa nini mawakili hawaujui ugumu wa kijijini.

Wasaidizi wa kisheria nao wasidharauliwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua, nao hufanya kazi mahali ambapo wakili hafiki. Kijana akikaa nao likizo moja atajifunza kusikiliza malalamiko mia na kuyapanga, yapi ni ya mahakama, yapi ni ya usuluhishi, yapi ni ya afisa ardhi. Wapo watakaocheka na kusema kwamba hiyo si kazi ya uwakili. Huko Uingereza kwenyewe, tangu utaratibu mpya ulioanza mwaka 2021, mwanafunzi wa uwakili wa ofisini hutakiwa kufanya kazi ya sheria kwa miaka miwili, na aweza kuigawa katika ofisi zisizozidi nne, na kazi ya kuwasaidia wasio na uwezo katika vituo vya msaada wa kisheria huhesabiwa. Kama Waingereza waihesabu, sisi tuna sababu gani ya kuionea haya?

Mwisho twawageukia wazazi na wanachama wa matawi yote, tangu Kasanga mpaka Mtowisa. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kijana anayekwenda huko hana shamba la kuchuma mboga wala jirani wa kumkopesha unga. Watu wetu huchangia harusi kwa moyo mkunjufu, huchangia misiba, na kamati za kukusanya fedha hizo twazijua kuunda kwa siku moja. Tuchangie na kodi ya chumba cha mwanafunzi wa sheria. Tawi linaloweza liulize mwezi huu: katika kata yetu ni nani anasoma sheria, yuko mwaka gani, amepata ofisi ya kujifunzia, na pungufu lake ni nini? Ulizeni mapema habari za mkopo katika Bodi ya Mikopo, msingoje siku ya mwisho. Wala msiwatafute wavulana tu. Mjane anayenyang'anywa shamba mara nyingi humweleza mwanamke mwenzake mambo ambayo hatayasema mbele ya mwanamume, na wakili asiyeambiwa habari yote hawezi kuishinda kesi.

Na wewe kijana, ukichangiwa, ujue unadaiwa. Hatukudai fedha. Hatukudai hata kwamba urudi mara moja na kufungua ofisi Sumbawanga siku ile utakapoapishwa. Twakudai kwamba unapoketi kuandika barua yako ya maombi, uwafikirie watu watakaokujia na makaratasi yao katika mfuko wa rambo, wakiwa wamesafiri usiku kucha. Kisha uandike jina la wakili atakayekufundisha namna ya kuwahudumia hao.